Huko hakuna konda: mwongozo kamili wa kupanda basi na treni peke yako katika jiji la ugenini

Pale stendi ya Mkanaledi, Mtwara, kabla hujauliza umeshaulizwa. "Masasi, mama? Masasi hii!" "Lindi, kaka, tunaondoka!" Mpiga debe anakuonyesha gari, utingo anapokea begi, konda anapokea nauli na kurudisha chenji. Ukimwambia mapema kwamba wewe ni mgeni wa njia hiyo, hatakusahau: "Shangazi, Mnazi Mmoja hapa, shuka uunganishe gari la Masasi." Mtu anaweza kutoka Msimbati hadi Liwale bila kusoma kibao hata kimoja, na akafika.

Watu wetu wa Kusini wanasafiri mbali siku hizi. Wapo wanaosindikiza wagonjwa India, wanafunzi wanaokwenda Uturuki na China, wafanyabiashara wanaofuata mzigo Guangzhou na Dubai. Wengi hawaogopi ndege. Wanaogopa kinachofuata ndege ikishatua: kutoka uwanjani hadi mjini, na kuzunguka mjini bila kushikwa mkono. Hofu hiyo naielewa, na ndiyo iliyonifanya niandike haya kwa kirefu.

Kinachomvuruga mgeni ni kwamba konda hayupo. Kazi zake zote bado zinafanyika, ila zimegawiwa kwa vibao, rangi na mashine, na nyingine amebebeshwa abiria mwenyewe. Ukijua kila kazi ya konda imehamia wapi, utapanda treni ya chini ya ardhi kwa utulivu uleule unaopandia haisi ya Mikindani.

Hatua ya 1: Maliza kazi ukiwa bado nyumbani

Andika kwenye karatasi, kwa kalamu, mambo manne: anwani kamili ya unakofikia, jina la kituo cha karibu, rangi au namba ya njia inayopita hapo, na simu ya mwenyeji wako. Nasisitiza karatasi hata kama una simu nzuri. Chaji huisha, laini hugoma kushika mtandao wa nchi ngeni, na baada ya safari ya usiku kucha hata neno la siri la simu yako linaweza kukupotea kichwani.

Anwani hiyo iandikwe pia kwa maandishi ya nchi unayokwenda. Dereva wa teksi wa Guangzhou mara nyingi hasomi herufi zetu, lakini ukimwonyesha jina la hoteli kwa Kichina mnaondoka bila maneno mengi. Mwombe mwenyeji au hoteli wakutumie anwani kwa maandishi ya kwao, kisha ichapishe kwenye steshenari yoyote hapo mjini.

Kwenye simu, pakua ramani ya jiji mapema. Google Maps hukuruhusu kuhifadhi eneo zima na kulitazama bila bando, na Organic Maps hufanya hivyo pia bure. Ramani iliyohifadhiwa itakuonyesha ulipo, lakini ratiba za treni na mabasi huhitaji mtandao. Kwa hiyo piga picha ya skrini ya njia yako ya siku ya kwanza, pamoja na picha ya ramani nzima ya treni za jiji hilo. Ya siku ya kwanza inatosha. Usijichoshe kukariri jiji zima.

China ina utaratibu wake. Huduma za Google hazipatikani kwenye mtandao wa kule, kwa hiyo weka Amap kwa ajili ya ramani na Alipay kwa ajili ya malipo kabla hujaondoka. Jisajili ukiwa hapa, na pasipoti na kadi ya benki mkononi, wakati laini yako ya Tanzania bado inapokea ujumbe wa uthibitisho. Ukisubiri ufike, ujumbe huo unaweza usije.

Pita benki uulize maswali mawili: je, kadi yangu imefunguliwa kwa malipo ya nje ya nchi, na je, inalipa kwa kugusisha? Kadi inayolipa kwa kugusisha ina alama ya vimistari vilivyopinda kama mawimbi. Pamoja nayo, beba noti ndogo ndogo za nchi hiyo, kwa sababu mashine nyingi za tiketi hukataa noti kubwa.

Na kwa kuwa safari nyingi za Kusini hupitia Dar es Salaam, ifanye Dar kuwa darasa. Panda mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni, usome mwenyewe mabasi yanaishia wapi badala ya kumfuata mwenzako. Ukipata nafasi panda treni ya umeme ya SGR hadi Morogoro, iliyoanza kubeba abiria Juni 2024: unanunua tiketi mapema, mzigo unakaguliwa, unasoma namba ya behewa na ya kiti, unasubiri kwenye jukwaa. Mzazi ambaye hajawahi kukanyaga ngazi za umeme afadhali azijaribu kwanza pale Jengo la Tatu la uwanja wa Julius Nyerere, mwanawe akiwa pembeni.

Hatua ya 2: Siku ya kufika usijitese

Ukitua usiku, una masanduku mawili na hujalala, chukua teksi. Hiyo ni pesa iliyotumika vizuri. Uwanja wa Delhi una kaunta za teksi za kulipia kabla: unataja unakokwenda, unalipa hapo, unapewa risiti. Ile sehemu ya risiti anayopaswa kupewa dereva mpe mkishafika, si kabla. Mtu anayekufuata ndani ya jengo akikuita rafiki na kuvuta sanduku lako, mwambie hapana na uendelee kutembea.

Ukifika mchana na mzigo mwepesi, treni ni nzuri. Dubai, njia nyekundu inafika Jengo la 1 na la 3 la uwanja wa ndege, ila Jengo la 2 halina kituo cha metro. Istanbul ina viwanja viwili, na tiketi yako inasema ni kipi: IST uko upande wa Ulaya na hufikiwa kwa njia ya M11, SAW uko upande wa Asia na hufikiwa kwa M4. Ukimwambia mwenyeji "nimefika uwanjani" bila kutaja upi, mnaweza kutafutana mkiwa mabara mawili tofauti.

Hatua ya 3: Jua gari linaelekea wapi

Hapa ndipo wengi hupotelea, kwa hiyo tukae kidogo.

Konda wa kwetu hukutajia unakopita. Kibao cha treni hakifanyi hivyo. Kinataja njia na kituo cha mwisho, basi. Hakitakuambia kwamba treni hii inapita hospitali unayoitafuta. Kwa hiyo kabla ya kila safari uwe na majina matatu kichwani au kwenye karatasi: njia, kituo cha mwisho cha upande unaoelekea, na kituo chako cha kushukia. Jina la pili ndilo watu huliacha, na bila hilo utajikuta umepanda treni sahihi upande usio sahihi.

Chukua safari ambayo watu wetu wengi wanaosindikiza wagonjwa huweza kuihitaji: kutoka uwanja wa ndege wa Delhi, Jengo la 3, hadi hospitali ya AIIMS. Unafuata vibao vya Airport Express, njia ya rangi ya chungwa. Unataka upande unaoishia New Delhi. Treni inapita Aerocity, Dhaula Kuan na Shivaji Stadium, kisha New Delhi, na hapo ni mwisho, kila mtu anashuka. Unahamia njia ya manjano. Sasa mbele yako kuna pande mbili: mmoja unakwenda kaskazini kuelekea Samaypur Badli, mwingine kusini kuelekea Gurugram. AIIMS iko kusini. Unapanda ya kuelekea Gurugram, cha kwanza ni Rajiv Chowk, na AIIMS ni kituo cha 8 kuanzia New Delhi. Hesabu kwa vidole kama unaona inasaidia. Hakuna anayekutazama.

Kwenye vituo vikubwa vya Delhi, pale unapobadilisha treni, wamechora nyayo za rangi sakafuni. Ukitafuta njia ya manjano unafuata nyayo za manjano, kwenye korido, kwenye kona, hadi juu ya jukwaa, hata kama umati unakusukuma na huoni kibao. Inua macho kila baada ya muda kuthibitisha, lakini ziamini.

Jambo la pili: njia moja inaweza kugawanyika. Anayetoka Mtwara analijua hili, kwa sababu pale Mingoyo barabara yetu hugawanyika, moja ikaenda Lindi na Dar, nyingine ikakata kwenda Masasi. Treni ni hivyo hivyo. Northern line ya London kaskazini huenda Edgware au High Barnet, na katikati ya jiji nyingine hupita Bank, nyingine Charing Cross. Njia nyekundu ya Dubai nayo hugawanyika upande wa Jebel Ali, na treni nyingine huelekea Expo. Rangi ni ileile, jukwaa ni lilelile, mwisho ni tofauti. Kwa hiyo usiharakie treni ya kwanza kwa sababu tu rangi yake ni yako. Soma skrini ya jukwaani, na soma tena jina lililo mbele ya treni. Kama si yako, iache ipite. Inayofuata kwa kawaida iko dakika chache nyuma yake.

Mumbai wana jambo la ziada. Treni zao za mjini, zile zenye milango wazi, ziko za haraka na za polepole, na skrini ya jukwaani huandika F kwa za haraka na S kwa za polepole. Ya haraka itaruka kituo chako bila kusimama. Mgeni apande ya S hadi atakapouzoea mji, na aepuke kabisa saa za asubuhi na jioni za watu kwenda na kutoka kazini.

Majina ya vituo hubadilika pia. Dubai huuza haki ya kutaja vituo kwa makampuni: kilichokuwa Dubai Marina sasa ni Sobha Realty, na Jumeirah Lakes Towers kikawa DMCC. Mwisho wa ile njia ya manjano ya Delhi uliitwa HUDA City Centre kwa miaka mingi kabla ya kupewa jina jipya. Ndugu aliyekwenda miaka mitano iliyopita anakuelekeza kwa moyo mweupe, lakini jina alilokupa linaweza lisiwepo tena. Lithibitishe kwenye ramani ya sasa.

Kwa basi, swali la mwelekeo lina sura nyingine: unasimama upande gani wa barabara? Sisi tunaendesha kushoto, na India, Uingereza, Kenya na Afrika Kusini wako kama sisi. China, Uturuki, Falme za Kiarabu, Misri na sehemu kubwa ya Ulaya wanaendesha kulia. Huko kituo cha basi la kwenda mjini kiko upande ambao mwili wako unaukataa. Na unapovuka, gari la kwanza litakujia kutoka kushoto, wakati shingo yako imezoea kugeuka kulia. Kabla ya kushusha mguu barabarani tazama pande zote mbili, kila mara, mpaka siku unarudi.

Kwa mgeni wa siku za mwanzo, mimi nashauri treni kuliko basi pale zote mbili zipo. Treni haibadilishi njia kwa sababu ya foleni au ujenzi, na kila kituo kina jina lililoandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Basi lifuate ukishapata macho ya mji.

Hatua ya 4: Nauli, kazi ya konda iliyohamia kwenye mashine

Kuna aina nne za kulipia, na karibu kila mji unaangukia kwenye mojawapo.

Aina ya kwanza ni kugusisha kadi unapoingia na unapotoka. Treni za chini ya ardhi za London ndivyo zilivyo, na metro ya Dubai pia. Mashine inapima umbali uliosafiri, kwa hiyo ukisahau kugusisha unapotoka inakukata nauli ya juu kabisa. Kwenye mabasi ya London unagusisha mara moja tu, wakati wa kupanda. Mabasi hayo hayapokei fedha taslimu tangu Julai 2014. Dereva hana chenji, na ukimpa noti atakuonyesha mashine. Jambo moja la kuwa nalo makini: ukiingia kwa kadi, toka kwa kadi ileile. Kadi na simu, hata kama zinatoa pesa kwenye akaunti moja, mashine inawaona abiria wawili, na wote wawili itawatoza.

Aina ya pili ni kadi ya mji unayoijaza salio. Istanbul wana Istanbulkart, Dubai wana Nol. Unainunua kwenye mashine au dirishani kituoni. Kwa Istanbul: weka kadi mahali pake kwenye mashine, ingiza noti ikiwa imenyooka, subiri salio libadilike kwenye skrini, ndipo uondoe kadi. Ukiwahi kuivuta, pesa inaweza isiingie. Istanbulkart hiyohiyo inapanda metro, tramu, basi na vivuko vya Bosphorus. Kwenye Marmaray, treni iliyofunguliwa 2013 inayopita chini ya bahari kati ya Ulaya na Asia, unakatwa nauli ya njia nzima unapoingia. Kama safari yako ni fupi, tafuta mashine iliyoandikwa iade unapotoka, gusisha kadi, na sehemu ya pesa inarudi. Wageni wengi hupita mashine hizo bila kujua, na safari baada ya safari wanaacha pesa yao pale.

Aina ya tatu ni tiketi ya safari moja: karatasi yenye msimbo, au kidude cha plastiki mfano wa sarafu kama kinachotolewa na mashine za metro ya Guangzhou. Kitunze mpaka mwisho. Kuingilia unakigusisha, kutokea unakitumbukiza, na bila hicho geti halifunguki.

Aina ya nne ndiyo inayowanasa watu waaminifu. Berlin na miji mingine ya Ujerumani haina mageti. Unashuka ngazi, unakuta treni, unapanda, hakuna aliyekuzuia. Mgeni anadhani ni bure au atalipia ndani. Halafu wanakuja wakaguzi waliovaa nguo za kawaida, na asiye na tiketi faini yake ni yuro 60. Kununua tiketi peke yake hakutoshi, kwani tiketi ya karatasi mara nyingi inatakiwa kugongwa muhuri kwenye kisanduku kidogo kabla ya kupanda. Kukosa geti kusikufanye uamini hakuna nauli.

Hatua ya 5: Ukaguzi, ngazi za umeme na jukwaa

Delhi na miji ya China hukagua mzigo kwenye mlango wa kila kituo cha metro. Begi linapita kwenye mashine, na Delhi unapapaswa pia, wanawake foleni yao na wanaume yao. Kisu cha jikoni ulichofunga kwa ajili ya maembe kitakuchelewesha, na kinaweza kuchukuliwa. Korosho hazina shida. Samaki mkavu afungwe vizuri, tabaka juu ya tabaka, kwa kuwa behewa limefungwa na harufu haina pa kwenda.

Ngazi za umeme nazieleza taratibu, kwa ajili ya mama zetu. Ukifika mwanzo wake simama kidogo pembeni, usizibe njia. Kusanya pindo la dera, baibui au khanga kwa mkono mmoja na uliinue hadi juu ya kifundo, kwa sababu pindo linaweza kunaswa kwenye meno ya mwisho wa ngazi. Mkono mwingine shika mkanda wa pembeni, ambao nao unatembea. Kanyaga katikati ya ngazi, si kwenye mstari unaotenganisha ngazi mbili. Ukikaribia mwisho tazama mbele, nyanyua mguu kidogo, na ukishatoka endelea kutembea, maana walio nyuma wanaletwa na mashine na hawawezi kusimama. London husimama upande wa kulia ili wenye haraka wapite kushoto. Ukiwa na mgonjwa au sanduku zito achana nazo, tafuta alama ya lifti.

Jukwaani simama nyuma ya mstari, acha wanaoshuka washuke kwanza. Wanawake wanaosafiri peke yao wajue haki zao: metro ya Delhi imetenga behewa la kwanza, kwa kufuata treni inakoelekea, kwa ajili ya wanawake; Mumbai, Cairo na Dubai pia zina mabehewa yao. Kaka zangu, nanyi someni sakafu na milango, kwa sababu mwanaume akikutwa humo Dubai anatozwa dirham 100. Faini ni hiyo hiyo kwa kula au kunywa ndani ya metro ya Dubai, na hata kutafuna ubani hakuruhusiwi.

Hatua ya 6: Ndani, na kushuka

Konda hatakuita. Juu ya mlango kuna mchoro wa njia wenye majina ya vituo, na treni nyingi huwasha taa ndogo kwenye kituo mnachokaribia. Tazama cha kwanza kinachofuata baada ya kuondoka. Kama kinalingana na karatasi yako, uko sawa. Kama si chenyewe, umejua mapema.

Anza kusogea mlangoni kituo kimoja kabla ya chako, hasa Mumbai, ambako treni husimama kwa sekunde chache tu. Ulaya, milango mingi haifunguki yenyewe: kuna kitufe, kibonyeze taa yake ikiwaka. Kwenye basi bonyeza kitufe cha kengele mara tu mnapokiacha kituo kilicho kabla ya chako. Ule utaratibu wetu wa kumwambia dereva "nishushe hapo kwenye mwembe" haupo. Basi husimama kituoni tu.

Usisimame mlangoni ukiwa umeshika simu mkononi. Kibaka huichomoa milango inapokaribia kufungwa, anaruka nje, na wewe treni inakubeba.

Ukishashuka bado hujafika. Vituo vikubwa vina milango mingi ya kutokea, na kila mmoja unatokea barabara tofauti. Guangzhou huipa herufi A, B, C na D. Delhi huipa namba. Mwulize mwenyeji mapema: "Nitokee mlango gani?" Jibu lake litakuokoa kuvuka barabara ya njia nane ukiwa na mzigo.

Kama mnasafiri wawili, wekeaneni ahadi kabla: milango ikiwatenganisha, aliye ndani ashuke kituo kinachofuata na asimame hapo hapo aliposhukia, aliyebaki apande treni inayofuata. Bila ahadi hiyo kila mmoja atamfuata mwenzake, na mtapishana.

Hatua ya 7: Ukipotea

Shuka kituo kinachofuata na usitoke nje ya geti. Ukiwa ndani bado uko kwenye mtandao uleule wa njia na nauli yako. Ukitoka unaanza upya. Kaa kwenye benchi, toa karatasi, tafuta kwenye ramani ya ukutani kituo ulipo. Mara nyingi dawa ni kuvuka kwenda jukwaa la upande wa pili na kurudi.

Kuuliza si ujinga, ila uliza kwa namna inayokupa jibu. Ukimwuliza mtu wa Delhi "hii inaenda Karol Bagh?", wapo watakaoitikia ndiyo kwa adabu tu, bila kuelewa. Uliza "hii inaenda wapi?" halafu nyamaza, au mwonyeshe jina kwenye karatasi uache anyooshe kidole. Anza na mfanyakazi wa kituo mwenye sare, kisha mama mwenye watoto au mwanafunzi. Anayejitolea kukupeleka mwenyewe kwa gari lake wakati hujamwomba, mshukuru na ubaki hapo ulipo.

Hatua ya 8: Saa zao na usiku

Ratiba zao huandikwa kwa saa 24, na sisi tunahesabu kuanzia alfajiri. Kanuni nyepesi: kuanzia 07:00 hadi 18:59 toa 6, kwa hiyo 18:40 ni saa 12:40 jioni. Kuanzia 19:00 toa 18, kwa hiyo 22:15 ni saa 4:15 usiku. Angalia sana treni za baada ya usiku wa manane. Iliyoandikwa 00:15 ya tarehe 5 inaondoka saa 6:15 usiku, usiku ule ulioanza jioni ya tarehe 4. Watu wamekwenda stesheni siku nzima baadaye kwa sababu ya hesabu hiyo.

Jua treni ya mwisho ya jiji lako kabla ya kutoka jioni. Nyingi hufunga karibu na saa 6 usiku. London huendesha treni usiku kucha Ijumaa na Jumamosi kwenye baadhi ya njia tu. Metro ya Dubai huchelewa kufunguliwa Jumapili, saa 2 asubuhi, na mwenye ndege ya alfajiri siku hiyo apange teksi.

Ukimaliza safari, kadi yenye salio usiitupe. Oyster ya London haina tarehe ya kuisha, na Nol ya rangi ya fedha hudumu miaka 5. Kuna kijana wa Newala au mama wa Nachingwea atakayekwenda mji huohuo mwezi ujao. Mpe pamoja na ile karatasi yako ya majina ya vituo. Ila kadi iliyosajiliwa kwa jina au picha yako, kama zile za wanafunzi, ni yako peke yako, na akikamatwa nayo atatozwa faini.